GERTY CORI: Daktari aliyefuata sukari hadi kwenye swichi ya mwili

UNATOKA nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata chai hujanywa. Matatu ndiyo hiyo inaondoka stejini, makanga ameshagonga bodi mara mbili. Unatimua mbio. Mita hamsini hivi, unadandia mlangoni, unaketi huku moyo ukidunda. Tumbo lako lilikuwa tupu. Nguvu hizo umezitoa wapi?

Jibu ni kwamba ndani ya misuli yako kulikuwa na akiba ya sukari iliyofungwa vizuri, na katika sekunde hizo chache kuna kitu kiliifungua. Kitu hicho hakikuletwa na mbio zako. Kilikuwapo usiku kucha ukiwa umelala fofofo. Kilikuwa kimezimwa tu.

Mwanamke aliyetumia maisha yake kukitafuta kitu hicho anaitwa Gerty Cori. Aliaga dunia mwaka wa 1957, miaka kumi baada ya kuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata Tuzo ya Nobel ya Tiba. Ukisomea udaktari, uuguzi au bayokemia utakutana na jina lake kwenye vitabu, lakini aghalabu hutaambiwa alikuwa nani wala alipitia nini. Pia hutaambiwa kuhusu jambo moja kubwa alilolikosa chupuchupu, na jinsi kulikosa kwake kulivyowasaidia waliomfuata.

Kilatini ndani ya mwaka mmoja

Alizaliwa Agosti 15, 1896 jijini Prague, wakati jiji hilo likiwa chini ya milki ya Austria na Hungary. Wazazi wake, Wayahudi wenye uwezo, walimwita Gerty Theresa Radnitz. Babake, Otto, alikuwa mwanakemia aliyesimamia viwanda vya kusafisha sukari, kwa hivyo habari za sukari Gerty alizisikia nyumbani tangu utotoni. Yeye ndiye kifungua mimba wa mabinti watatu.

Wasichana wa familia kama yake walifunzwa nyumbani kwanza, kisha wakapelekwa katika shule ya wasichana ambako walinolewa zaidi kwa adabu na mambo ya utamaduni kuliko sayansi. Gerty alimaliza shule hiyo mwaka wa 1912. Mjomba wake, profesa wa magonjwa ya watoto, akamshauri asomee udaktari. Binti akakubali mara moja, ila kulikuwa na kizingiti. Mtihani wa kuingia chuo kikuu ulidai Kilatini cha miaka minane, pamoja na miaka mitano mitano ya hisabati, fizikia na kemia. Yeye hakuwa na hata kimoja cha kutosha.

Wengine wangeona hayo hayawezekani wakatafuta njia nyingine. Gerty alijifunga kibwebwe, akaisoma shehena yote hiyo kwa takriban mwaka mmoja, akafaulu. Mwaka wa 1914 aliingia shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Prague akiwa na umri wa miaka 18.

Huko ndiko alikokutana na Carl Cori, mwanafunzi mwenzake wa rika lake. Wote wawili walipenda milima na wote walipenda maabara. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikamchukua Carl jeshini, lakini akarudi, na mwaka wa 1920 wakafuzu pamoja na kuoana. Ili wafunge ndoa kanisani, Gerty aliacha dini ya wazazi wake akawa Mkatoliki.

Njaa, chuki na meli ya kwenda Marekani

Maisha ya mwanzo hayakuwa ya raha. Vita vilikuwa vimeiacha Vienna bila chakula cha kutosha. Gerty alifanya kazi katika hospitali ya watoto, na milo ya pale ilikuwa duni hadi akaanza kuugua macho kwa kukosa vitamini A. Ilibidi arudi kwao Prague ale vizuri ndipo apone.

Carl naye alipopata nafasi katika chuo cha Graz, alitakiwa kwanza athibitishe kwamba hana damu ya Kiyahudi. Yeye alikuwa salama. Mkewe je? Wawili hao walisoma alama za nyakati mapema, zaidi ya miaka kumi kabla ya Hitler kutwaa madaraka nchini Ujerumani. Mwaka wa 1922 Carl alitangulia Marekani, katika taasisi ya utafiti wa saratani mjini Buffalo, jimbo la New York. Gerty akamfuata miezi sita baadaye.

Marekani nako kulikuwa na vijimambo vyake. Mkuu wa taasisi hakupenda mke na mume wafanye utafiti pamoja. Gerty alionywa kwamba atapigwa kalamu asipobaki kwenye chumba chake. Alikaa kimya kidogo, kisha wakaendelea kama kawaida.

Baadaye chuo kikuu kimoja kilimtaka Carl kwa kazi nzuri, kwa sharti kwamba aache kushirikiana na mkewe. Gerty aliitwa kando akaambiwa anamharibia mumewe riziki, na kwamba si desturi ya Wamarekani mwanamume kufanya kazi na mke wake. Alitokwa na machozi. Carl akaikataa kazi ile.

Hebu tulia hapo kidogo. Makosa ya Gerty yalikuwa yapi? Hakuvuruga jaribio lolote wala hakuandika uongo. Alikuwa na uwezo uleule wa jana, na shahada ileile ya mumewe. Kilichokosekana ni mtu wa kumpa ruhusa.

Kreti za soda mwilini

Licha ya yote hayo, miaka tisa ya Buffalo ilizaa matunda. Waliandika pamoja makala 50 hivi za kisayansi. Walichotaka kujua kilionekana rahisi: ukila sukari, inaenda wapi?

Mwaka wa 1929 walitoa jibu ambalo hadi leo linaitwa mzunguko wa Cori. Misuli inapofanya kazi kwa nguvu na oksijeni haitoshi, huvunja glukosi na kubaki na asidi ya laktiki. Asidi hiyo haitupwi. Husafiri kwa damu hadi kwenye ini, ambalo huijenga upya kuwa glukosi na kuirudisha kwenye damu. Ni kama biashara ya soda za chupa: chupa tupu hazitupwi jalalani, hurudi kwenye kreti hadi kiwandani, zikajazwa na kurejeshwa dukani. Tofauti ni kwamba ini hulipa gharama ya kujaza, kwa sababu kujenga glukosi kunakula nguvu nyingi kuliko ile misuli iliyopata kwa kuivunja haraka haraka.

Mzunguko huo peke yake ungetosha kumpa mtu jina. Lakini Gerty hakutosheka kujua kwamba sukari inasafiri kutoka hapa hadi pale. Alitaka kujua nani anafungua mlango.

Misuli ya chura na kimeng'enya kipya

Mwaka wa 1931 walihamia Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Carl aliajiriwa kuwa mkuu wa idara. Gerty, aliyekuwa na shahada sawa na ya mumewe na jina lake kwenye makala zilezile, alipewa cheo cha msaidizi wa utafiti na mshahara wa kutajwa tu. Aliupokea, akavaa koti lake la maabara.

Walianza na misuli ya chura. Waliisaga, wakaiosha kwa maji ili kuondoa vitu vingine, kisha wakachunguza kinachotengenezwa kutokana na akiba ya sukari iliyobaki. Mwaka wa 1936 wakakipata kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: glukosi yenye fosfeti moja iliyoshikamana nayo mahali mahususi. Wanasayansi wakakiita esta ya Cori. Mwaka huohuo Gerty alijifungua mtoto wao wa pekee, mvulana. Alikuwa na umri wa miaka 40, na inasimuliwa kwamba alibaki maabara hadi dakika za mwisho kabla ya kwenda kujifungua.

Fosfeti si kitu kigeni kwetu. Ile mbolea ya DAP inayopandiwa mahindi kule mashambani, herufi P ndiyo hiyo fosfeti. Ni kipande kidogo cha fosforasi na oksijeni chenye chaji hasi. Kumbuka neno hilo chaji, tutalirudia.

Swali likawa: nani anayeipa glukosi fosfeti hiyo? Kufikia 1938 walikuwa wamemkamata mhusika, kimeng'enya walichokiita fosforilesi. Kazi yake ni hii. Mwili hauachi glukosi izagae ovyo. Huiunganisha kwa maelfu kuwa kitu chenye matawi mengi kiitwacho glikojeni, na kuihifadhi kwenye ini na misuli. Fosforilesi hukaa kwenye ncha za matawi hayo, ikichomoa glukosi moja baada ya nyingine, na kila inayochomolewa huondoka imebebeshwa fosfeti. Huyo ndiye anayekufungulia akiba unapokimbilia matatu.

Sura mbili za kitu kimoja

Hapa ndipo hadithi inaponoga. Mapema katika miaka ya 1940, wakishirikiana na Arda Green, wakina Cori walifaulu kuisafisha fosforilesi ya misuli ya sungura hadi ikawa fuwele, yaani safi kabisa. Hapo wakaona ajabu. Kimeng'enya hicho kilikuja kwa sura mbili.

Sura ya kwanza ilifanya kazi yenyewe bila kusukumwa. Wakaiita fosforilesi *a*. Sura ya pili ilikuwa imelala. Ilihitaji kuongezewa kemikali ndogo iitwayo AMP ndipo iamke. Hiyo wakaiita *b*. Wakagundua pia kwamba ndani ya misuli mna kimeng'enya kingine kinachoigeuza *a* kuwa *b*. Kwa hivyo protini ni ileile. Kuna kitu kidogo kinachoondolewa, na kikiondoka tu, mfanyakazi hodari anageuka mlalavi.

Kitu hicho ni nini? Walikisia kwamba ni AMP yenyewe. Ilikuwa dhana yenye akili: kama *b* inaamshwa na AMP, basi huenda *a* tayari imeibeba AMP yake ndani. Hata kile kimeng'enya cha kuigeuza walikipa jina la kifupi, PR, lenye maana ya kiondoa kiambatisho. Wakaitafuta AMP ndani ya *a*. Wakapima na kupima tena. Hawakuiona.

Sasa fikiria wewe ndiye uliyetoa dhana hiyo mbele ya wenzako, na jina lako linazidi kupaa. Kishawishi cha kulazimisha jibu si kidogo. Gerty hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa na kasi, mwepesi wa kusisimka, na aliyefanya kazi naye alijua kwamba hakuvumilia vipimo vya kubahatisha hata chembe. Vipimo vilikataa dhana yao, basi dhana ikaachwa. Herufi *a* na *b* zikabaki, pamoja na maelezo kamili ya jinsi ya kutengeneza kila moja. Kiambatisho chenyewe kikabaki bila jina.

Tuzo na habari mbaya

Mwaka wa 1947 ulimletea Gerty mambo matatu. Kwanza, alifanywa profesa kamili, miaka 16 baada ya kuingia chuoni hapo. Pili, yeye na Carl walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba, nusu nyingine ikienda kwa Bernardo Houssay wa Argentina. Kabla yake ni wanawake wawili tu waliokuwa wamepata Nobel ya sayansi, Marie Curie na bintiye Irène Joliot-Curie.

La tatu lilikuwa baya. Kiangazi cha mwaka huo, wakiwa wanapanda milima ya Rockies, Gerty aliishiwa na nguvu kwa namna isiyo ya kawaida. Madaktari waligundua ugonjwa wa miyelofibrosisi, ambapo uboho wa mifupa hujaa makovu na kushindwa kutengeneza damu ya kutosha. Haukuwa na tiba. Alisafiri hadi Stockholm Desemba hiyo, akapokea tuzo yake, akarudi maabara.

Aliishi miaka kumi zaidi, akiongezewa damu mara kwa mara. Ndani ya ofisi yake mliwekwa kitanda kidogo cha kujinyoosha. Nguvu zilipozidi kumwishia, Carl alimbeba kutoka mahali hadi mahali humo maabara.

Na si kwamba alikuwa anasubiri siku yake. Aligeukia watoto waliozaliwa na ini lililofura kwa glikojeni. Madaktari waliujua ugonjwa huo lakini hawakujua unatoka wapi. Mwaka wa 1952 yeye na Carl walionyesha kwamba katika aina moja, inayoitwa ugonjwa wa von Gierke, ini linakosa kimeng'enya kimoja mahususi, kile kinachoiondolea glukosi fosfeti yake ili iingie kwenye damu. Sukari ipo tele ghalani, lakini haitoki, na mtoto anaweza kuzirai kwa kukosa sukari kwenye damu. Hiyo ilikuwa mojawapo ya mara za kwanza kabisa kuthibitishwa kwamba ugonjwa wa kurithi unaweza kutokana na kukosekana kwa kimeng'enya kimoja tu. Aina nyingine ya magonjwa hayo hadi leo inaitwa ugonjwa wa Cori.

Karatasi ya kuchujia

Maabara ya wakina Cori ilikuwa ndogo, lakini watu sita waliopita humo walikuja kupata Nobel zao wenyewe. Mmoja wao aliitwa Edwin Krebs, daktari kijana aliyefika mwaka wa 1946 akakaa miaka miwili. Aliondoka na kitendawili cha *a* na *b* kichwani.

Miaka ya 1950 akiwa Seattle, Krebs aliungana na Edmond Fischer, ambaye awali alikuwa amechunguza fosforilesi ya viazi huko Geneva. Ya viazi haikuhitaji AMP hata kidogo. Ya misuli iliihitaji. Kwa nini?

Walianza kwa kufuata maelezo ya wakina Cori hatua kwa hatua, wakapata *a*. Kisha wakajaribu kuboresha: badala ya kuchuja majimaji ya misuli kwa karatasi, wakatumia mashine ya kuzungusha kwa kasi. Wakapata *b*. Misuli ni ileile, mikono ni ileile. Kumbe tofauti ilikuwa karatasi! Karatasi ya kuchujia ilikuwa na kalsiamu kidogo, na kalsiamu hiyo ilikuwa inaamsha kimeng'enya kingine ndani ya majimaji yale. Kimeng'enya hicho huchukua fosfeti kutoka kwa ATP, ile sarafu ya nguvu ya mwili, na kuipachika juu ya fosforilesi.

Kiambatisho kilichotafutwa hakikuwa AMP. Kilikuwa fosfeti. Mwaka ulikuwa 1955, na wakati huohuo Earl Sutherland, mwanafunzi mwingine wa wakina Cori, alikuwa anaona jambo hilohilo kwenye ini.

Kitu ambacho Gerty alikishika mkononi kila siku, ile fosfeti inayobebwa na sukari, ndicho kilichokuwa kimejificha juu ya kimeng'enya chenyewe. Hakukiona. Lakini kama angekuwa amelazimisha jibu la AMP, au kama angekuwa ameandika maelezo ya ovyo ya namna ya kuitengeneza *a*, Krebs na Fischer wasingekuwa na cha kulinganisha. Tofauti ya karatasi na mashine ilionekana kwa sababu maelezo ya awali yalikuwa sahihi. Wawili hao walitunukiwa Nobel mwaka wa 1992.

Swichi yenyewe inavyowaka

Kupachika fosfeti juu ya protini huitwa fosforilesheni, na kwa fosforilesi ya binadamu tunajua leo inavyotendeka.

Kimeng'enya hicho ni pacha: minyororo miwili inayofanana iliyoshikamana, kila mmoja ukiwa na amino asidi zaidi ya 840. Fosfeti hukaa mahali pamoja tu kwenye kila mnyororo, karibu na mwanzo wake, kwenye amino asidi iitwayo serini, nambari 14. Kabla ya kupachikwa, mkia huo wa mnyororo unapepea ovyo kama kamba ya viatu isiyofungwa. Fosfeti ikifika na chaji yake hasi, mkia hugeuka, ukatulia na kujikaza kwenye maungio ya wale pacha. Pacha nao huzunguka kidogo, na mlango wa mahali pa kazi ukafunguka. Kipande kimoja kati ya amino asidi mamia, na umbo lote linabadilika.

Unapoona matatu inakuacha, adrenalini huingia kwenye damu. Ujumbe hupita kutoka kimeng'enya kimoja hadi kingine, kila kimoja kikiwasha vingi, hadi fosforilesi *b* zinageuzwa *a*. Msuli wenyewe unapojikunja humwaga kalsiamu ndani yake, na hiyo pia huwasha, sawasawa na ile ya karatasi. Ukishaketi na kutulia, kimeng'enya kingine huja kuzibandua fosfeti. Hicho ndicho kile PR cha wakina Cori. Kilikuwa kiondoa kiambatisho kweli, ila kiambatisho kilikuwa kingine.

Usidhani fosfeti huwasha siku zote. Ikipachikwa kwenye kimeng'enya kinachojenga glikojeni, hukizima, na hiyo ni busara kwa sababu huwezi kujaza ghala na kulimwaga kwa wakati mmoja. Kwa vimeng'enya vingine, fosfeti huamua hata muda wa kuishi. Kuna kimeng'enya kiitwacho Cdc25A kinachoruhusu seli za binadamu kugawanyika. DNA ikipata madhara, kimeng'enya hicho hupachikwa fosfeti zinazokitia alama ya kuharibiwa, nacho huvunjwavunjwa upesi ili seli isimame kwanza na kujirekebisha. Alama ndogo, na mfanyakazi mzima anaondolewa kazini.

Vimeng'enya vya kupachika fosfeti huitwa kinesi. Binadamu tuna jeni zaidi ya 500 za kuvitengeneza.

Kilichobaki

Gerty Cori alifariki Oktoba 26, 1957 nyumbani St. Louis akiwa na umri wa miaka 61. Shimo moja mwezini limepewa jina lake. Mwaka wa 2008 Marekani ilitoa stempu yenye picha yake pamoja na mchoro wa esta ya Cori. Mchoro huo ulikuwa na kosa: fosfeti ilichorwa ikiwa imeungwa vibaya. Kwa mtu aliyechukia vipimo vya kubahatisha, unaweza kudhani alivyokunja uso huko aliko.

Lakini kuna ukumbusho mwingine ambao hauna picha yake. Mwaka wa 2005 watafiti waligundua kwamba takriban nusu ya wagonjwa wa miyelofibrosisi, ule ugonjwa uliomuua, wana hitilafu moja kwenye jeni ya JAK2. Na JAK2 ni nini? Ni kinesi, mpachikaji wa fosfeti. Hitilafu hiyo huiacha imewaka muda wote, ikiziamuru seli za uboho ziongezeke bila kikomo. Mwaka wa 2011 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ugonjwa huo, ruxolitinib, ambayo kazi yake ni kuizuia kinesi hiyo. Haiponyi kabisa, ila huwapunguzia wagonjwa wengi mateso.

Kwa hivyo miaka kumi ile ya mwisho, mwanamke huyo alikuwa anabebwa na mumewe ndani ya maabara ambamo swali la *a* na *b* lilizaliwa, akiugua maradhi ambayo dawa yake ingekuja kutokana na jibu la swali hilo. Jibu lilianza kupatikana akiwa hai, mwaka wa 1955. Dawa ilikuja zaidi ya nusu karne baada ya yeye kuzikwa.

Kijana unayesoma haya kwenye simu, huenda uko kwenye mwaka wa kwanza chuoni na umeambiwa kozi fulani si ya watu kama wewe. Au umefanya utafiti wako, na matokeo yamekataa kukubaliana na ulichotarajia. Gerty alipitia yote mawili. La kwanza alilijibu kwa kurudi maabara kila asubuhi. La pili alilijibu kwa kuandika alichokiona, akaacha nafasi tupu pale ambapo hakuona kitu. Nafasi hiyo ndiyo wanafunzi wake walikuja kuijaza.